Redio Iliyosema Siku za Kiu

Kila asubuhi, kabla ya kufunga kamba za viatu vya shule, Chiriku alipeleka ndoo bombani. Nyumba waliyopanga ilikuwa na vyumba vilivyojipanga pande mbili za ua, mlango ukitazama mlango, na bomba lilikuwa moja tu, katikati. Ndoo ndizo zilizokaa foleni. Wenyewe walirudi ndani kumalizia kupiga mswaki, na kila mtu aliijua ndoo ya mwenzake kwa rangi, kwa ufa, au kwa mpini wa kamba. Ndoo ya kina Chiriku ilikuwa ya bluu, na ukingo wake ulikuwa umetafunwa na panya.

Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini pale uani hakuna aliyelikumbuka. Babu yake ndiye aliyembandika hili la Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla hajaota meno ya kutosha, na tangu hapo hakupumzika. "Mtoto huyu," Babu alikuwa akisema, "akimeza inzi, inzi atatoka na habari."

Babu alikuwa mpiga chapa. Mitambo ilimla sikio moja na ncha ya kidole, na siku walipomwambia kazi imekwisha alirudi nyumbani na kikohozi, na redio ndogo ya setilaiti aliyoinunua kwa kiinua mgongo chake.

Haikuwa kama redio nyingine za pale uani. Redio za kawaida hukwaruza, hupiga miluzi, na stesheni mbili hugombana ndani ya sanduku moja. Hii ilipokea matangazo kutoka kwenye setilaiti, chombo kilichotundikwa angani juu kuliko ndege yoyote inakofika, kwa hiyo ilitaka kuiona mbingu. Ilikuwa ya umeme, yenye betri ya akiba ndani, na antena bapa, kubwa kama daftari. Siku ya kwanza Babu alizunguka nayo chumba hadi chumba, ameikumbatia kama mtu anayemtafutia mtoto mgonjwa daktari. Chini ya bati, kimya. Karibu na mlango, kimya. Alipoifikisha kwenye dirisha la chumba chake, lile linalotazama nyuma ya nyumba, akaielekeza antena kwenye kipande cha mbingu kilichoonekana juu ya ukuta, sauti ikatoka. Safi kabisa, kama kwamba mtu ameketi kitandani. Ndivyo ilivyokuwa redio ile: ama inasema, ama imenyamaza. Haikujua kunong'ona.

"Toka mbele ya antena!" Babu alifoka kila Chiriku alipopita dirishani na sauti ikakatika. "Wewe ni mtungi wa maji, mjukuu wangu. Redio hii haioni kupitia maji."

"Mimi si mtungi, Babu!"

"Mwili wa mtu ni maji mengi na maneno machache. Wako umepitiliza kote kuwili."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Chumba hicho kilikuwa na kicheko wakati huo.

Babu alipenda stesheni moja tu, ya habari, iliyosomwa na mtangazaji mwenye sauti nzito aliyesafisha koo kila baada ya maneno machache. Akishasikiliza, alitoka uani kugombana. Aligombania taa ya njiani, aligombania choo, na zaidi ya yote aligombania tangi la maji, kwa sababu bomba lilikuwa likikauka kila lilipojisikia. Kwa miaka na miaka mwenye nyumba alimjibu kwamba yeye ni mchochezi. Kisha Babu akafa, na wiki ile ile tangi likaletwa, viti vya msiba vikiwa bado uani. Mwenye nyumba alisimama mbele ya wafiwa akaeleza jinsi anavyowajali wapangaji wake. Ndiyo tabia ya wenye nyumba: ukidai unaitwa mkorofi, ukishazikwa wanakitoa kile ulichodai kana kwamba wamekiota usingizini.

Lilikuwa tangi jeusi la plastiki, kubwa kama chumba. Walilipandisha juu ya nguzo za matofali nyuma ya nyumba, yanakoingilia maji, karibu kabisa na dirisha la Babu. Chumba kikawa na kiza hata mchana. Lilijazwa, bomba la uani likaanza kupata maji yake humo, na siku hiyo hiyo redio ikanyamaza.

Taa yake ndogo ya kijani iliendelea kuwaka. Bibi alikataa isiguswe. "Aliyeiwasha ndiye wa kuizima," alisema. Majirani walitikisa vichwa: redio imemfuata mwenyewe. Msiba ulikuwa mbichi, na mtu mwenye msiba hana macho ya kutazama tangi limekaa wapi.

Miezi ikapita. Kisha, adhuhuri moja ya joto, bomba likiwa kavu tangu alfajiri, Chiriku alikuwa chumbani akimsaidia Bibi kukunja mashati ya marehemu. Hakuna aliyekuwa akisema. Hata yeye. Mara nyuma yao, pale dirishani, mwanamume akasafisha koo.

Shati lilimponyoka Bibi. Sauti ikaanza kusema, nzito, safi, katikati ya sentensi, kama mtu aliyekuwa akizungumza muda wote huku wao hawamsikii.

Chiriku aligeuka kumtazama Bibi, na kile alichokiona kilimtisha kuliko sauti. Bibi alikuwa anatabasamu.

"Umekuja," Bibi akaiambia redio.

Chiriku hakusubiri zaidi. Alitoka mbio hadi uani, shati la marehemu bado mkononi, akipiga ukelele: "Babu amerudi! Babu anasema ndani ya redio!"

Kabla jua halijatua, kila mlango ulikuwa umeisikia habari hiyo, na kila mlango uliipokea kutoka kwa Chiriku mwenyewe. Kila alipoisimulia iliongezeka kidogo. Kwa Mama Pacha, yule mama wa watoto pacha, Babu alikohoa. Kwa kinyozi, ambaye kiti chake kilikuwa chini ya kibanda cha ua, Babu aliwataja watu kwa majina. Shuleni, rafiki yake Pengo, aliyeng'oka jino la mbele na hajaota jingine, alimkazia macho.

"Amenitaja na mimi?"

"Bado," Chiriku alisema. "Lakini alikuwa kwenye herufi ya karibu."

Watoto walimzunguka wakati wa mapumziko. Hakuwa amewahi kusikilizwa hivyo maishani. Ilikuwa tamu.

Utamu ule ulidumu hadi redio iliposema mara ya pili, na ya tatu. Kila mara bomba lilikuwa kavu. Bibi akaanza kuzisubiri siku hizo. Aliweka kiti cha Babu dirishani, akakipangusa vumbi. Aliamka akaufungua mkono wake chini ya bomba, na lisipotoa tone alirudi ndani haraka, akijifunga kitambaa kizuri. Jambo lililomuumiza Chiriku lilikuwa dogo: Bibi alitaka kumpikia mgeni wake chai, na siku za mgeni ndizo siku ambazo hakukuwa na maji ya chai. Alikaa mbele ya kikombe kitupu, akiitikia habari za dunia kwa kichwa. Sauti ilikatika kama ilivyoanza, katikati ya neno, na Bibi aliendelea kuitikia kwa kichwa peke yake.

Wa kwanza kuunganisha mambo alikuwa msimamizi wa nyumba. Huyu wote walimwita Funguo, kwa sababu shada la funguo kiunoni mwake lilifika kabla yake.

"Jamani, mimi sipendi kusema," Funguo alisema siku moja akiwa ameegemea nguzo ya kinyozi. "Lakini yule mzee akisema, tangi linakauka. Mimi nafungulia maji yaingie, nakuta tupu. Nani anayanywa?"

"Maiti gani ana kiu ya tangi zima?" kinyozi alicheka, lakini wembe wake ulisimama hewani.

"Alikufa na hasira ya maji. Mnajua wenyewe."

Wakajua wenyewe. Tangu hapo hawakumwita tena Bibi kuja kukaa nao jioni. Waliokuwa wakimletea mboga walipita mlango wake wakitazama chini. Mama yake Chiriku, aliyeshona sare katika karakana na kurudi jioni na vidole vilivyochomwa sindano, alijaribu kuzungumza nao. Waliitikia kwa heshima na hawakusikia neno.

Kisha pacha mmoja akaugua. Siku za ukavu watu walichota maji kwenye shimo la wafyatua matofali, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na si wote waliokuwa na mkaa wa kuyachemsha. Mtoto alitapika na kuharisha hadi macho yakazama. Zahanati walimtundikia maji, akarudi amekonda kama uzi. Mama Pacha alisimama mbele ya mlango wa Bibi, mtoto mgongoni.

"Mama, nilikuheshimu kama mzazi wangu," alisema, na machozi yalikuwa yakimtiririka. "Lakini mumeo ataniua mwanangu."

Bibi aliinama, akaurudisha mlango.

Funguo alijibu kwa niaba ya wote. Aliitisha kikao kifanyike asubuhi ya siku isiyo ya shule. Jambo lilikuwa moja: redio ichomwe moto, chumba kifungwe, na Bibi atafute pa kwenda. Hakukuwa na pa kwenda. Bibi alikuwa amezalia watoto katika chumba kile, na mumewe alitolewa katika chumba kile amefunikwa.

Chiriku hakula usiku huo. Kila neno alilosikia kwenye midomo ya watu wazima lilikuwa neno lake. Babu amerudi. Babu anasema. Aliyatupa yeye, kama mtu anayetupa maganda njiani, na sasa Bibi ndiye aliyekuwa akiteleza.

Zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya kikao. Katika moja ya siku hizo bomba lilikauka tena, na walimu walikuwa na mkutano, watoto wakarudishwa mapema. Chiriku alimkuta Bibi amesinzia kitandani. Aliingia kwa kunyata, akisubiri ile sauti. Taa ya kijani ilikuwa ikiwaka. Kiti cha Babu kilikuwa kitupu, lakini kilikuwa kitupu kwa namna ambayo mtu asingependa kukikalia.

Redio ilikuwa kimya.

Alisubiri. Kimya. Bomba lilikuwa kavu tangu alfajiri. Kama Babu ndiye anayeyanywa maji, mbona hajafika? Ni mwizi gani huyo anayekuja baada ya wizi kwisha?

Hofu ilimsogeza dirishani badala ya kumsogeza mlangoni, labda kwa sababu alitaka kuona nje, kwenye mwanga. Lakini nje kulikuwa na tangi tu, jeusi, karibu kiasi cha kuziba kila kitu. Alipitisha mkono kwenye nondo za dirisha akaligusa. Lilikuwa la baridi. Aligonga kwa kifundo cha kidole. *Ndu.* Sauti nzito, isiyo na mwangwi, kama kugonga kifua cha mtu.

Ndipo aliposikia kitu kingine, chini, nyuma ya ukuta: maji yakikimbia ndani ya mpira. Aliinama akachungulia pembeni ya nguzo. Mpira mnene ulitoka chini ya tangi, ukapanda ukuta kama nyoka na kushukia upande wa pili, mahali wanapooshea malori.

Aligonga tena. Juu sasa palitoa mwangwi: *kooong.* Chini bado palikuwa *ndu*. Akaendelea kugonga, na ule mwangwi ukawa unashuka, unashuka, kiganja baada ya kiganja. Maji yalikuwa yakipungua chini ya mkono wake.

Nyuma ya sikio lake, mwanamume akasafisha koo.

Chiriku aliganda. Sauti ikaanza kusoma habari. Alikuwa peke yake na sauti hiyo, mkono wake umenaswa kati ya nondo, na safari hii hakukimbia, kwa sababu aliikumbuka sauti nyingine, ya kweli, iliyokuwa ikifoka palepale: *Toka mbele ya antena. Wewe ni mtungi wa maji.*

Alilitazama tangi. Akaitazama antena, iliyokuwa bado imeelekezwa na mkono wa Babu kwenye kipande cha mbingu ambacho hakikuwepo tena.

Mtungi wa maji.

Bibi alikuwa ameamka, amekaa kitandani, tabasamu lile limeanza kumjia. Chiriku alipiga magoti mbele yake akamweleza yote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema polepole. Tangi likijaa, maji yanaiziba redio. Tangi likiwa tupu, plastiki peke yake haizibi kitu, redio inaona, inasema. Yule ni mtangazaji tu, Bibi. Anasoma kila siku. Sisi ndio hatumsikii.

Tabasamu lilizimika. Bibi aliisikiliza ile sauti, safari hii kama mtu anayesikiliza sauti ya mgeni.

"Kwa hiyo si yeye," alisema hatimaye.

"Si yeye, Bibi. Nisamehe. Mimi ndiye niliyesema ni yeye."

Bibi alipangusa uso kwa upindo wa khanga. Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa na kitu ambacho Chiriku hakuwa amekiona tangu msiba. Ilikuwa hasira.

"Basi vizuri," Bibi alisema. "Mume wangu hakumnyima mtu maji hata siku moja. Nilijua moyoni, nikakubali asingiziwe kwa sababu nilitaka kumsikia."

Asubuhi ya kikao, bomba lilikuwa kavu. Watu walikaa kwenye ndoo zao zilizopinduliwa. Funguo alisimama katikati, shada likilia kiunoni.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Hata leo. Mzee ameshakunywa."

"Leo hajasema," Chiriku alisema.

"Mtoto, nyamaza, wakubwa wanaongea."

"Hajasema. Nendeni mkasikilize dirishani. Redio iko kimya."

Bibi alitoka ndani. Mikononi alikuwa ameibeba redio, aliyoiapia kwamba haitaguswa. Watu walivuta ndoo nyuma. Pengo, aliyekuja kuona mzimu, alijificha nyuma ya kiti cha kinyozi. Bibi aliiweka juu ya kigoda, mahali penye anga tupu, na Chiriku akaigeuza antena taratibu kuelekea upande ule ule wa mbingu.

Mtangazaji akasema. Mama Pacha alipiga yowe, nusu ya ua ikasimama.

"Kaeni!" Bibi alisema. "Mmeketi na sauti hii miaka yote mume wangu akiwa hai. Haijamng'ata mtu."

Chiriku aliichukua ndoo ya bluu, tupu, akaisimamisha juu ya kiti cha kinyozi, mbele kabisa ya antena. Mtangazaji aliendelea bila wasiwasi.

"Sasa nahitaji iwe imejaa," alisema, na palepale akakumbuka. Hakukuwa na maji. Alitayarisha maneno, alitayarisha kiti, akasahau kwamba hawa ni watu wenye kiu.

Funguo alicheka. "Haya, ijaze kwa mate. Unayo mengi."

Wachache walicheka naye. Kisha Bibi akaingia ndani, akatoka na birika lake, maji aliyoyaweka ya kumezea dawa. Akayamimina ndani ya ndoo. Yalifunika sakafu yake tu.

Kinyozi aliyasogeza mataulo yake, akatoa kopo la kuloweshea nyembe, akalimimina. "Yana nywele kidogo," alisema. Mama wa mlango wa pili akaleta jagi. Mtu akaleta kikombe, mwingine chupa. Mama Pacha alikaa akiwa ameshika dumu dogo, maji yaliyochemshwa ya mgonjwa wake, akimtazama Bibi. Bibi akatikisa kichwa: hayo ya mtoto, yaache. Mama Pacha akainuka, akamimina nusu.

Ndoo ikajaa, na mtangazaji akakatika katikati ya neno.

Chiriku aliisukuma ndoo kando, sauti ikarudi. Akaivuta, ikakatika.

"Redio hii haioni kupitia maji," alisema. "Babu aliniambia. Mimi nilisahau, nikawaambia ni mzimu kwa sababu mlikuwa mnanisikiliza. Nilidanganya kwamba amewataja majina. Lakini redio ikisema chumbani, maana yake tangi ni tupu. Na leo haijasema."

Kichwa kimoja kiligeuka, kisha kingine, mpaka wote walikuwa wakitazama juu ya bati, pale kichwa cheusi cha tangi kilipochungulia.

"Jamani, huyu ni mtoto..." Funguo alianza.

Kinyozi alikuwa ameshazunguka nyuma ya nyumba. Walisikia viatu vyake vikipanda matofali, kifuniko kikiburutwa. Kisha kikaja kitu kilichowaumiza zaidi ya matusi: sauti ya kiganja kikipiga maji.

"Limejaa mpaka mdomoni," kinyozi alisema kutoka juu. Hakukuwa na mzaha kwenye sauti yake. "Na mpira wa waosha malori uko hapa, unasubiri mchana."

Mama Pacha alimwendea Funguo hadi pua zikakaribia kugusana. Hakumpiga, ingawa mkono wake uliinuka. Aliufungua tu, kiganja juu. "Ufunguo."

Koki ya kupeleka maji kutoka kwenye tangi hadi bombani ilikuwa ndani ya kisanduku cha chuma, ukutani, kimefungwa kufuli. Miezi yote walipita mbele yake. Ufunguo uligeuka, koki ikageuka, na bomba la katikati ya ua likakohoa, kikohozi kirefu cha kifua kibovu, kile kile walichokisikia usiku mwingi kupitia kuta. Bibi alifumba macho. Kisha maji yakaja.

Mwenye nyumba alisema hakujua lolote. Watu wa pale walikuwa na kumbukumbu ndefu. Walimsikia alivyomwita Babu mchochezi, na sasa walimsikia hivi. Walimwachia amwondoe mwenyewe Funguo wake, ila nakala ya ufunguo wa kisanduku walidai ikae kwa Mama Pacha, na ikakaa.

Jioni hiyo Chiriku alikuwa ameketi kizingitini, kimya. Bibi alikuja akaketi kando yake, na kikombe cha chai mkononi.

"Umepoteza ulimi?"

"Naogopa kuutumia."

"Kusema si kosa, mjukuu wangu. Babu yako alisema maisha yake yote. Kosa lako ni kwamba ulisema kabla hujatazama. Na hawa wakubwa zako waliamini kabla hawajauliza. Kosa ni lile lile, ila lao lina ndevu." Alikunywa kidogo. "Uongo wako ulikuwa mdogo. Lakini uongo mdogo ni kama mlango ulioachwa wazi, mtu mwenye uongo mkubwa hupitia hapo hapo bila kubisha hodi. Kwa hiyo siku nyingine ukikuta watu wote wanaogopa kitu kimoja, usikimbie. Simama uulize: nini kilitangulia? Na nani anashiba sisi tukitetemeka?"

Kinyozi alijitolea kupandisha antena juu ya bati kwa waya mrefu, ili redio isikike chumbani kila siku. Bibi alikataa. Aliirudisha dirishani, nyuma ya tangi, akaiwasha kwa mkono wake mwenyewe.

"Lakini haitasema, Bibi," Chiriku alisema.

"Ndiyo. Ikinyamaza, najua mmekunywa."

Basi ikanyamaza. Usiku, chumba kilipokuwa na giza na taa ile ya kijani, Chiriku alihisi bado kwamba kuna mtu ameketi kwenye kile kiti, amefunga mdomo kwa makusudi, analinda. Hakumwambia mtu. Hakuwa na uhakika, na alikuwa amejifunza.

Msimamizi mpya alikuja, kijana mpole, na funguo zile zile. Majuma yalipita. Kisha adhuhuri moja, Bibi akichana nywele, mwanamume alisafisha koo dirishani.

Bibi aliweka kitana chini. Alipofungua mlango na redio mikononi, milango mingine ilikuwa imeshafunguka, kwa sababu sauti ile ilijulikana sasa. Hakuna aliyekimbia. Kila mtu alishika ndoo yake, wakazunguka nyuma ya nyumba bila kelele, Mama Pacha na pacha wote wawili, kinyozi na taulo begani, Pengo aliyekuja kucheza, Chiriku. Msimamizi mpya alikuwa ameinama chini ya tangi, mpira mkononi. Aliinua kichwa akawakuta wote wamesimama, wanamtazama.

"Shikamoo, Bibi," alisema, akiuficha mpira nyuma yake.

Bibi hakuitikia. Aliinua redio kidogo, ili amsikie vizuri yule aliyekuwa akisema ndani yake.

"Mume wangu," alisema, "anauliza maji yamekwenda wapi."